Rundo la vidonge vya akili: namna ya kulipitia kabla ya siku ya kliniki

Jioni ya kuamkia kliniki, iwe ya Ligula mjini Mtwara au Sokoine mjini Lindi, mwaga dawa zote za mgonjwa wa akili mkekani: za hospitali, za duka la dawa muhimu, hata alizopewa na jirani. Kwenye daftari andika jina la kila moja, miligramu, mara ngapi kwa siku, tangu lini, na inatibu nini. Dawa usiyoweza kuiandikia sababu ndiyo ya kuuliziwa kwanza. Kuuliziwa, si kuachwa.

Rundo hukua hivi. Mtu anaanza haloperidoli, dawa ya kutuliza sauti na njozi za ugonjwa wa akili. Baada ya siku au wiki chache hakaliki: anazunguka uani usiku, akikaa miguu inacheza. Nyumbani wanasema ugonjwa umepanda, kipimo kinaongezwa, naye anazidi. Mara nyingi hiyo ni dawa yenyewe, na dawa ya ziada juu yake ni petroli motoni. Muulize: "Kuna sauti inayokuamuru utembee, au mwili tu unakataa kutulia?" Linganisha tarehe hali hiyo ilipoanza na tarehe ya kuongezwa kipimo, kisha mwonyeshe daktari zote mbili. Mara nyingi jibu ni kupunguza haloperidoli.

Akitetemeka au kukakamaa huongezewa bensheksoli. Hiyo hukausha kinywa, hufunga choo, huleta usahaulifu, na mzee wa kiume inaweza kumzuia mkojo. Shirika la Afya Duniani halishauri itolewe kama kinga kwa kila anayeanza dawa kama haloperidoli. Basi uliza: bado inahitajika?

Kwa mtu wa shambani kuna la ziada. Klopromazini, dawa ya kundi moja na haloperidoli, hufanya ngozi iungue haraka juani, na mtu akisimama ghafla anapata kizunguzungu, asikwee mnazi. Akiwa na bensheksoli pia, jasho hupungua na mwili huchemka, hivyo kuokota korosho aanze alfajiri, saa sita awe kivulini na maji.

Dayazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi na kuleta usingizi, inataka subira kuliko zote. Hutolewa kwa siku chache, lakini wengi huinunua miezi. Mwili huizoea ndani ya wiki chache, na anayeikata ghafla anaweza kupata degedege. Kwa anayemeza miligramu 10 kila siku, mwombe daktari vidonge vya 2 pamoja na vya 5, ili ashuke miligramu moja kila wiki mbili: 9 (5+2+2), 8 (vinne vya 2), 7 (5+2), 6 (vitatu vya 2), kisha 5. Chini ya hapo kila hatua ichukue wiki tatu au nne, maana kutoka 2 kwenda 1 ni kukata nusu nzima. Usingizi ukipotea, abaki alipo. Asirudi juu bila kumwuliza daktari. Msimu wa mabibo, uraka (pombe ya mabibo) uwe mbali kabisa: ukichanganywa na dayazepamu unaweza kuzima pumzi.

Ukiambiwa kuna dawa mpya, ghali, uliza: ile ya zamani imeshindwa nini? Tutajuaje, na lini, kwamba hii haifanyi kazi? Si kumdharau daktari. Biashara ina historia. Mwaka 2009 kampuni ya dawa ya Eli Lilly ilikubali kulipa dola bilioni 1.4 Marekani kwa kuinadi dawa yake ya akili, Zyprexa, kwa matumizi yasiyoidhinishwa, yakiwemo ya wazee wenye kusahau. Mwaka 2012 kampuni nyingine, GlaxoSmithKline, ililipa dola bilioni 3, sehemu yake kwa kuinadi Paxil, dawa ya sonona, kwa walio chini ya miaka 18. Zyprexa ni olanzapini, dawa halali yenye kazi yake, lakini huongeza uzito na sukari. Mgonjwa apimwe vyote viwili kabla ya kuanza na baada ya miezi mitatu.

Homa kali, mwili mgumu kama gogo na kuchanganyikiwa kwa mtu anayetumia dawa hizi: mpeleke hospitali saa hiyohiyo, na daftari lile mkononi.