Mvae mtu mwingine kabla ya kupanda jukwaani

Kama mikono inatetemeka kila ukiitwa kuzungumza mbele ya watu, usihangaike kujiambia "mimi ni jasiri". Moyo haudanganyiki kirahisi hivyo. Mtengeneze mtu mwingine wa kubuni, utakayejifanya kuwa yeye. Mpe jina, na sifa moja tu unayoihitaji siku hiyo, labda utulivu, labda ujasiri wa kutaja bei yako bila kuomba radhi. Kisha mtafutie kitu ambacho ni chake peke yake: saa, kofia, hata miwani isiyo na nguvu. Ukikivaa, yeye ndiye kaingia, ukikivua, kaondoka. Usikivae kwenda sokoni, kitapoteza makali.

Ukikwama, usijiulize "nifanyeje?" Uliza "yeye angefanyaje?", tena mtaje kwa jina. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa Marekani kuhusu watoto wa miaka 4 na 6 waliopewa kazi ya kuchosha ya dakika 10, huku mchezo wa kwenye tableti ukiwasubiri pembeni. Waliojifanya Batman au shujaa mwingine ndio waliodumu na kazi kuliko wenzao.

Ila huyu mtu hana vyeti usivyonavyo wewe. Kwenye usaili mwachie sauti na mkao, majibu yawe ya kwako.

Mwanamuziki Beyoncé alimtumia Sasha Fierce, mtu wake wa kubuni, jukwaani, akampa hata nafasi kwenye jina la albamu ya 2008. Baadaye akasema hamhitaji tena. Na wako akianza kukuchosha, mpumzishe.