Amplifaya ya stereo ya volti 12 kwa IC ya TDA7297: somo na maswali

Somo hili ni la mwenye betri ya volti 12, iwe ya sola, ya pikipiki au ya UPS, na spika mbili za omu 8, anayetaka muziki mzuri nyumbani hata umeme ukikatika. Tutatumia IC (chipu) ya TDA7297 ya STMicroelectronics. Ndani yake mna amplifaya mbili kamili, inafanya kazi kuanzia volti 6.5 hadi 18, na haihitaji vifaa vingi pembeni.

Tuelewane kwanza kuhusu wati. Kiwanda kinasema wati 15 kila upande, lakini hizo ni kwa volti 16.5 na sauti ikiwa imeshachafuka kwa asilimia 10. Kwa betri ya volti 12 utapata kama wati 6 safi kila upande. Usivunjike moyo: wati 6 za kweli zinatosha sebule ya kawaida. Yale maelfu ya wati za PMPO (eti kilele cha nguvu ya muziki) yanayoandikwa kwenye maboksi ya sabufa yapuuze kabisa, hayapimi kitu.

Andaa: IC, fyuzi ya ampea 3, kapasita ya mikrofaradi 2200 ya volti 25, kapasita moja iliyoandikwa 104 (mikrofaradi 0.1), mbili zilizoandikwa 224 (mikrofaradi 0.22), moja ya mikrofaradi 10, rezista mbili za kilo-omu 47, volyumu ya stereo ya kilo-omu 50, na bati la kupoozea.

Hatua ya 1. Funga IC kwenye bati kabla ya kulehemu chochote. Bati la prosesa ya kompyuta mbovu linafaa sana. Paka grisi ya joto kidogo, kaza skrubu. Mgongo wa IC hii umeungana na hasi, kwa hiyo huhitaji karatasi ya kuzuia umeme katikati.

Hatua ya 2. Ukitazama upande wenye maandishi, mguu wa 1 uko kushoto. Ipo miguu 15 iliyopishana safu mbili, na haiingii kirahisi kwenye bodi ya matundu; lehemu nyaya fupi kwenye miguu yenyewe na uvike kila mmoja mpira. Chanya ya betri ipitie fyuzi, kisha iende mguu wa 3 na wa 13. Kapasita ya 2200 na ile ya 104 zikae hapo hapo karibu na IC, kati ya chanya na hasi.

Hatua ya 3. Mguu wa 8 ni hasi ya nguvu, wa 9 ni hasi ya sauti. Kila mmoja upewe waya wake, zikutane sehemu moja tu: kwenye hasi ya kapasita kubwa. Ukiunga mguu wa 9 popote palipo karibu, mkondo wa spika utapita kwenye njia ya sauti na utasikia mngurumo. Fundi wengi hubadilisha IC mara tatu wakati shida ni waya huu mmoja.

Hatua ya 4. Unganisha mguu wa 6 na wa 7. Kutoka hapo weka rezista moja ya 47 kwenda chanya, nyingine kwenda hasi, na kapasita ya mikrofaradi 10 kwenda hasi. Kapasita ikijaa taratibu, amplifaya inawaka bila kishindo kwenye spika.

Hatua ya 5. Sauti kutoka kwenye volyumu ipite kwenye kapasita ya 224 hadi mguu wa 4, na ya upande wa pili hadi mguu wa 12. Usisome vibaya ukaweka 223 (mikrofaradi 0.022): besi yote itapotea. IC inakuza sauti mara 40 hivi, kwa hiyo simu inaiendesha yenyewe.

Hatua ya 6, na hapa nakuomba usiwe na haraka. Spika ya kwanza inakaa kati ya mguu wa 1 na wa 2, ya pili kati ya wa 15 na wa 14. Hasi ya spika HAIGUSI hasi ya betri, wala hasi za spika mbili haziunganishwi pamoja. Kabla ya kufunga spika, washa na upime kwa mita. Kila mguu kati ya hiyo minne, ukipima na hasi ya betri, utaonyesha kama volti 6. Sasa pima mguu wa 1 na wa 2 wenyewe kwa wenyewe: mita ikae karibu na sifuri, isizidi volti 0.12. Ukiona hivyo, funga spika. Ukiona volti kadhaa, zima na urudi kwenye nyaya, maana volti hizo zitachoma koili ya spika.

MASWALI

Mkuu, ahsante kwa somo. Nina adapta ya laptop ya volti 19, naweza kuitumia?
Hapana ndugu yangu, mwisho ni 18. Usiunge pia moja kwa moja kwenye paneli ya sola ya volti 12: ikiwa haina mzigo inafika volti 20 na zaidi. Betri inayochajiwa haina shida, hiyo inaishia 14 na kitu.

Shikamoo fundi. Nina spika za risiva ya home theater iliyokufa, hazina maandishi. Zitafaa?
Marahaba. Zipime kwa mita. Spika ya omu 8 husoma kama 6 au 7. Nyingi za home theater ni za omu 3 au 4, na kwa hizo IC itachemka na kujizima. Zikiwa nne za namna hiyo, unga mbili mbili kwa mfululizo, kila jozi upande wake.

Nikichomeka kibodi (bodi ndogo) cha kupokelea sauti ya bluetooth kwenye betri hiyo hiyo napata sauti kama nyuki. Nikitumia simu kwa waya, kimya.
Hasi ya kibodi imezunguka njia mbili, ya umeme na ya sauti. Kipe umeme kwa konvata ndogo iliyotenganishwa (umeme unaoingia na unaotoka haugusani), aina ya B0505S baada ya kushusha volti hadi 5. Hasi ibaki ile ya waya wa sauti peke yake.