Jinsi ya Kumwandikia Barua ya Mapendekezo Mwanafunzi Mchapakazi

Matokeo ya UACE, mtihani wa mwisho wa kidato cha sita hapa Uganda, yakishatoka, ofisi ya walimu hujaa vijana wanaotafuta barua: huyu anaomba ufadhili, yule kazi ya muda, mwingine nafasi chuoni. Mwanafunzi mwenye kipaji kinachong'aa ni rahisi kumwandikia. Kazi iko kwa yule aliyefika kila siku, akamaliza kila zoezi, asikusumbue hata mara moja. Huyo ndiye anayestahili barua nzuri, na ndiye anayeambulia mstari mmoja: "Ni mtiifu, ana bidii na nidhamu." Msomaji wa maombi amekutana na maneno hayo kwenye barua kumi asubuhi ileile.

Dawa yake ni kuanza mapema. Tangu kidato cha tano (S.5), tenga daftari la kurasa 96, kila mwanafunzi na ukurasa wake. Mara mbili kwa muhula andika mstari mmoja wenye tarehe: alifanya nini, wapi, ikawaje. Mihula sita ya S.5 na S.6 itakupa mistari 12, na barua haihitaji zaidi ya miwili au mitatu.

Akija kuomba, mwitishe tangazo la ufadhili au kazi, ripoti zake, tarehe ya mwisho, na jina lake kama lilivyo kwenye karatasi za UNEB, baraza la mitihani la Uganda. Jina ndilo linaloponza wengi. Herufi ikipungua, au jina la ubatizo likitangulia hapa na kufuata kule, ofisi itashindwa kujua kama ni mtu mmoja au wawili. Mwombe akupe angalau wiki moja. Barua ya kuandikwa mlangoni huwa tupu.

Barua itoshe ukurasa mmoja wa A4, maneno 300 hadi 400, kwenye karatasi yenye nembo ya shule. Aya ya kwanza iseme wewe ni nani, ulimfundisha somo gani na kwa miaka mingapi. Ya pili ibebe maendeleo ya alama, si alama ya mwisho peke yake: aliyetoka 42 akafika 68 katika mihula minne ameonyesha bidii kuliko aliyekaa 75 muda wote. Ya tatu ndiyo roho ya barua. Hapo sema tukio moja, ulikaribie kabisa. Kwa mfano:

"Muhula wa pili wa S.5 alikabidhiwa ufunguo wa maabara ya kemia. Kila siku ya mazoezi ulirudi mezani kwangu kabla ya saa 11 jioni. Bika mbili zilipovunjika, aliandika mwenyewe kwenye daftari la vifaa, tarehe na sababu, kabla sijauliza."

Maneno "anategemeka" hayamo, wala hayahitajiki. Ila angalia ushahidi wako ni wa nini. Ikiwa kila mstari wa daftari unasema alikubebea vitabu na kukukusanyia madaftari, hapo umeandika faida yako wewe, na huenda kazi hizo zilimla muda wa kusoma. Tafuta alichofanya kwa ajili ya masomo yake au ya wenzake.

Udhaifu mmoja wa kweli hauharibu barua. "Huchelewa kuuliza swali hadharani, lakini huja baada ya kipindi" humfanya msomaji aamini yaliyobaki. Usiseme "bora kuliko wote shuleni" kama umewaandikia hivyo watatu. Habari za ugonjwa, ufukara wa nyumbani au kufiwa usiziguse bila ruhusa yake, hata kama unadhani zitamsaidia.

Kosa jingine linatokana na lugha. Barua nyingi hapa Uganda huandikwa kwa Kiingereza, na walimu hunakili ya mwaka jana. Kiswahili kina "yeye" mmoja kwa mvulana na msichana, kwa hiyo jicho lililozoea Kiswahili hupita juu ya kiwakilishi cha kiume kilichobaki kwenye barua ya msichana. Isome kwa sauti, ukigusa kila kiwakilishi kwa kalamu. Usikubali pia mwanafunzi aandike barua yake mwenyewe wewe utie saini tu. Barua tano zenye sauti moja hutambulika upesi.

Tia saini kwa wino wa buluu, andika jina, cheo na nambari ya simu inayopokelewa, kisha mhuri uguse ukingo wa saini bila kufunika jina. Tangazo likitaka barua ya siri, ifunge kwenye bahasha na upige mhuri juu ya mdomo wake. Baki na nakala: ofisi ikipiga simu baada ya miezi miwili kuuliza habari za ule ufunguo, uwe nayo mkononi.