Kichwa kikavu kinawasha? Kabla hujamwaga mafuta, soma hii kwanza

Mi nianze na aibu yangu. Karibu miezi minne nilikuwa najipaka mafuta kichwani kila siku ya Mungu nikiamini natibu ukavu, nikiona unga mweupe kwenye kola ya shati jeusi naongeza mafuta, kesho yake unashuka mwingi zaidi na kuwasha ndo kunazidi, naongeza tena. Kumbe sio ukavu hata kidogo, ilikuwa mba. Na mba ukiipaka mafuta ni kama umeipikia chakula ukaiandalia na meza.

Kwa hiyo kabla hujaingia jikoni kutafuta dawa, kwanza jua unatibu nini. Chukua kitambaa cheusi, kitandike mezani, inama juu yake ukiwa na nywele kavu alafu chana taratibu au pitisha ncha za vidole kwenye ngozi. Angalia kilichoanguka. Kama ni unga mdogo mdogo mweupe, ukipuliza unapeperuka wote, na kichwa chenyewe kinakaza hasa ukishaosha kama vile ngozi imepungua saizi, pengine hata miguu na mikono imepauka, huo ni ukavu. Kama ni vipande vikubwa kidogo, vina unjano kwa mbali, na ukikisugua kimoja kati ya vidole kinaacha utelezi, hiyo ni mba. Mba huwa inapenda pia nyusi na pembeni ya pua, ukijiangalia kwenye kioo utaona wekundu na magamba huko nako.

Na kama vidoti vyeupe vimeng'ang'ania kwenye unywele wenyewe, ukivuta haviji, hayo ni mayai ya chawa, dawa yake nyingine kabisa, usipoteze asali yako.

Kwanini mba inanona kwa mafuta? Kuna fangasi anaitwa Malassezia, anaishi kwenye ngozi ya karibu kila mtu mzima, chakula chake ni mafuta ya ngozi. Akishayala anaacha mabaki yanayoichokoza ngozi kwa wale ambao ngozi zao hazivumilii, ngozi inaanza kujibandua haraka haraka, ndo hayo magamba. Mafuta mengi ya jikoni, ya mzeituni yakiwemo, yana kitu kilekile anachokitafuta. Ukavu wa kweli ni tofauti, hapo ngozi imepungukiwa mafuta na maji, mafuta kidogo yanasaidia.

Haya, tuanze na dawa ambayo haina gharama na ndo watu wanaidharau: namna unavyoosha. Maji ya moto sana yanaondoa mafuta ya ngozi yote, tumia ya uvuguvugu, yale ambayo ukiweka mkono huhisi moto wala baridi. Shampuu ipake kwenye ngozi ya kichwa tu, sio uizungushe kwenye nywele nzima, povu likishuka linatosha kusafisha ncha. Sugua na ncha za vidole, sio kucha, najua kucha zinaleta raha lakini kila mkwaruzo unafungua mlango wa vijidudu na kesho utawashwa mara mbili. Alafu suuza, suuza tena, yaani ukidhani umemaliza ongeza dakika moja nzima hasa kisogoni na nyuma ya masikio, maana shampuu iliyobaki na kukauka huko inawasha vizuri tu na inashuka kama unga, watu wanadhani wana ugonjwa kumbe ni sabuni. Mwenye kichwa kikavu apunguze siku za kuosha na achague shampuu isiyo na manukato makali. Mwenye mba afanye kinyume, aoshe mara nyingi zaidi. Wenye nywele ngumu au zilizosukwa msiige ratiba ya mwenye nywele laini, kwenu mara moja kwa wiki inaweza kutosha, ila ngozi ifikiwe, sio povu lipite juu ya misuko tu.

Sasa za jikoni. Sheria moja kabla ya zote: chochote kipya paka kidogo kwenye mkunjo wa ndani wa kiwiko, acha siku moja mpaka mbili, kikiwasha au kukiwa kwekundu usikipeleke kichwani. Na jaribu dawa moja tu kwa wakati, ukichanganya tano siku moja kichwa kikiungua hutajua mchawi ni nani.

Kama ni ukavu, mafuta ya nazi au ya mzeituni vijiko viwili vya chakula. Usiyachemshe, weka kichupa ndani ya kikombe cha maji ya moto dakika chache yapate joto. Gawa nywele mistari mistari, chovya ncha za vidole na upake kwenye ngozi yenyewe ukikanda polepole, kaa nusu saa alafu osha. Sio lazima kulala nayo, ukilala nayo unapata mto wenye mafuta tu. Mara moja au mbili kwa wiki inatosha kabisa.

Alovera ndo kipenzi changu kwa kichwa kinachowaka moto, lakini wengi wanaikosea. Ukikata jani, kuna majimaji ya njano yanatoka karibu na ganda, yananuka uchungu na yanaacha doa kwenye nguo, hayo ndo yanawasha ngozi. Simamisha jani kwenye glasi, upande uliokatwa uwe chini, acha robo saa yachuruzike yote, osha, ndo umenye upate ule ute mweupe unaong'aa. Usage alafu UCHUJE, nasisitiza, mara ya kwanza sikuchuja nikashinda siku mbili natoa vipande vyeupe kwenye nywele, kila anayeniona ananiambia mba imerudi. Paka ute, dakika ishirini mpaka thelathini, suuza. Inapoza vizuri, na haina mafuta kwa hiyo hata mwenye mba anaweza.

Oti (oats, zile za uji) nazo ni za kupoza, hasa ukishajikuna mpaka ngozi imechubuka na inauma. Saga oti kavu ziwe unga mlaini kabisa. Kipimo chake, weka kijiko kimoja kwenye glasi ya maji ukoroge, yakigeuka kama maziwa umesaga vizuri, yakibaki na chembechembe zinazama chini rudisha kwenye mashine. Koroga vijiko vitatu vinne kwenye maji ya uvuguvugu, chuja kwa kitambaa, mwagia kichwani kidogo kidogo, kaa dakika kumi na tano, suuza.

Asali ina kazi kidogo ila ina ushahidi wake. Kuna utafiti ulitoka mwaka 2001, watu 30 wenye mba sugu walipaka asali iliyochanganywa na maji ya uvuguvugu kidogo, tisa kwa moja, siku moja ndio siku moja hapana kwa wiki nne, wanasugua taratibu dakika mbili tatu alafu wanaiacha masaa matatu. Kuwasha kulitulia na magamba yakaisha ndani ya wiki moja. Walioendelea mara moja kwa wiki haikuwarudia kwa miezi sita, wengi wa walioacha iliwarudia. Ni watu wachache kwa hiyo usiape nayo, lakini haina madhara makubwa zaidi ya kunata. Masaa matatu na asali kichwani sio mchezo, vaa kofia ya plastiki na usipange kutoka, itakuchuruzikia shingoni tu.

Mafuta ya mti wa chai (tea tree), hayahusiani na chai ya kunywa, ni yale ya kichupa kidogo yenye harufu kali kama ya dawa. Haya yanapigana na fangasi, ni ya mba zaidi kuliko ukavu. Mwaka 2002 yalipimwa kwa watu 126, shampuu yenye asilimia 5 ya mafuta hayo, kila siku wiki nne, mba ikapungua kwa asilimia 41, waliopewa shampuu isiyo na mafuta hayo ilipungua asilimia 11. Kwa hiyo inafanya kazi ila sio muujiza. USIYAPAKE YALIVYO, yanaunguza. Rahisi zaidi nunua shampuu ambayo tayari inayo, au dondosha matone mawili matatu kwenye shampuu uliyoweka kiganjani, changanya, paka, acha dakika tatu, suuza vizuri. Kichupa kilichofunguliwa zamani tupa, mafuta yakichakaa kwa hewa na mwanga ndo yanaleta aleji zaidi. Kunywa ni sumu, weka mbali na watoto, na kama una paka ndani kwako muweke mbali pia, yanamdhuru.

Siki ya tufaha watu wanaipenda sana, mi naiona ya kawaida. Vijiko viwili kwenye kikombe kikubwa cha maji, mwagia baada ya shampuu, dakika mbili, suuza. Inaondoa mabaki ya jeli na krimu, basi. Kama una mikwaruzo usithubutu, utaimba.

Za kuacha kabisa: limao, beking soda na kitunguu saumu kibichi. Limao ni asidi kali na ukitoka nayo juani ngozi inaweza kuungua na kutoka malengelenge. Beking soda iko upande wa pili, ngozi ya kichwa inapenda asidi kidogo, karibu 5.5 kwenye kipimo cha asidi (pH, namba ikishuka chini ya 7 ni asidi), soda iko karibu 8 au zaidi, unaiacha ngozi kavu kuliko ulivyoikuta. Kitunguu saumu kinaunguza, na harufu yake hata tusiongee.

Chochote ulichochagua kipe wiki tatu nne. Ngozi inachukua karibu mwezi kujibadilisha, ukiacha siku ya tatu kwa kusema haifanyi kazi hujajaribu bado. Kama ni mba na wiki nne zimepita bila nafuu, usione aibu kwenda famasi, ulizia shampuu yenye ketokonazoli au zinki pairithioni au seleniamu salfaidi, na kosa la wengi ni kuipaka na kuisuuza hapohapo, inatakiwa ikae dakika tatu mpaka tano ndo ifanye kazi.

Kuna hali za kutojaribu nyumbani kabisa. Mtoto mwenye mabaka ya duara ambapo nywele zimekatika, hayo ni mapunye, hayatibiki kwa kupaka, yanahitaji vidonge vya daktari na yanaambukiza kwa kitana na kofia. Magamba manene ya rangi ya fedha yanayovuka mstari wa nywele mpaka kwenye paji la uso inaweza kuwa soriasisi, ugonjwa wa ngozi wa muda mrefu. Usaha, vidonda, nywele kunyonyoka, nenda. Na ukipaka rangi ya nywele kichwa kikaanza kuwaka na macho kuvimba, osha kwa maji mengi na uende hospitali sasa hivi, sio kesho.

Kwa usiku ule wa kwanza ambao huwezi kulala kwa kuwashwa, loweka taulo dogo kwenye maji ya baridi, kamua, weka panapowasha dakika kumi, na kata kucha kabla ya kupanda kitandani maana ukishasinzia mkono unaenda wenyewe. Kitana na foronya navyo vioshwe siku hiyohiyo unayoanza dawa.