Saa mbili ndani ya kompyuta moja: namna ya kuzirekebisha kwenye Linux

Kompyuta yako ina saa mbili. Saa ya mfumo huhesabiwa na kerneli (kiini cha mfumo endeshi) kwa sekunde tangu Januari 1, 1970, na hupotea mashine ikizimwa. Saa ya maunzi iko kwenye bodi mama, ikitunzwa na betri bapa, mara nyingi CR2032. Mashine inapowaka, ya kwanza huchukua wakati kwa ya pili. Ukirekebisha moja tu, kosa laweza kurudi kesho.

Hatua ya 1. Angalia hali ilivyo:

`timedatectl`

Mstari wa `RTC time` ndio saa ya maunzi. Ulingane na `Universal time` (UTC, saa ya kimataifa), si saa ya ukutani kwako.

Hatua ya 2. Anza na ukanda wa saa. Tafuta jina lake kwa `timedatectl list-timezones`, kisha:

`sudo timedatectl set-timezone JINA`

Wengi huruka hapa, wakasogeza saa yenyewe kufidia tofauti. Usifanye hivyo: kumbukumbu zote za seva zitabeba wakati wa uongo.

Hatua ya 3. Kama kuna intaneti, iachie mashine ijirekebishe:

`sudo timedatectl set-ntp true`

Kama hakuna, zima kwanza usawazishaji huo wa mtandao (NTP), la sivyo amri ya pili itakataliwa:

`sudo timedatectl set-ntp false`
`sudo timedatectl set-time '2025-03-14 09:30:00'`

Saa tatu na nusu asubuhi ni 09:30. Saa tatu na nusu usiku ni 21:30.

Hatua ya 4. Nakili wakati kwenye maunzi, hasa ukiwa umetumia `date -s`, ambayo haiigusi saa hiyo kabisa:

`sudo hwclock --systohc`
`sudo hwclock --show`

Usishtuke: `hwclock` huonyesha saa za eneo lako hata kama maunzi yanatunza UTC. Na kuwa mwangalifu na `--hctosys`. Hiyo hunakili kinyume, kutoka maunzi kwenda mfumo, ikafuta marekebisho yako ya saa.

Mashine yenye Linux na Windows pamoja hupishana kwa saa kadhaa, kwani Windows kwa kawaida huandika saa za eneo kwenye maunzi. Upande wa Linux mimi hubaki na UTC: `sudo timedatectl set-local-rtc 0`.

Seva moja niliyoitunza iliwaka ikiwa na tarehe ya miaka ya nyuma. Kila muunganisho wa https ukakataa, eti vyeti vya usalama vya tovuti havijaanza kutumika. Nilihangaika na mtandao saa mbili nzima kabla ya kuandika `date`. Tarehe ikirudi nyuma kila umeme unapochomolewa, badilisha betri, kisha rudia hatua ya 3 na ya 4.