Somo: Kuzunguka katikati ya Kuala Lumpur kwa miguu, kuanzia kwenye mito

Wageni wengi wakifika Kuala Lumpur, mji mkuu wa Malaysia, hukimbilia minara pacha ya Petronas, wakapiga picha, wakaingia madukani, basi. Minara ni mizuri, lakini mji haukuanzia pale. Ulianzia inapokutana mito ya Klang na Gombak, walikoteremka wachimbaji wa bati, na hadi leo mitaa hiyo ya kale unaimaliza kwa miguu. Mpangilio huu unafuata jua na saa za swala.

Hatua ya 1. Panda LRT (treni ya mjini), shuka kituo cha Masjid Jamek asubuhi, kabla jua halijawa kali. Msikiti huo wa mwaka 1909 umekaa pembeni kabisa mwa makutano ya mito. Wasio Waislamu hawatembezwi wakati wa swala, na Ijumaa mchana usipange kabisa.

Hatua ya 2. Vuka mto uende Dataran Merdeka, yaani Uwanja wa Uhuru. Upande mmoja kuna jengo la Sultan Abdul Samad, lenye kuba za shaba na mnara wa saa, lililokamilika 1897 kwa ajili ya ofisi za serikali ya kikoloni. Mbele yake ni uwanja ambao Waingereza walichezea kriketi. Hapo ndipo bendera yao iliposhushwa usiku wa kuamkia tarehe 31 Agosti 1957. Sisi wa Tanganyika na Kenya, tuliopata uhuru miaka michache baadaye, tusipite hapo kwa haraka.

Hatua ya 3. Shuka kusini hadi Central Market. Lilianza 1888 kama soko la vyakula. Jengo la sasa, la buluu, ni la 1937, na siku hizi huuza kazi za mikono. Ukitaka batiki, igeuze kitambaa. Iliyochorwa kwa nta rangi yake hupenya pande zote mbili. Iliyochapwa kwa mashine mara nyingi hufifia upande wa nyuma. Muuzaji mwaminifu hatakukataza kuigeuza.

Hatua ya 4. Ingia Jalan Tun H.S. Lee. Hekalu la Wachina la Sin Sze Si Ya (1864) na la Wahindu la Sri Mahamariamman (1873) yako umbali mfupi tu. Katika hekalu la Wahindu, vua viatu. Petaling Street, mtaa wa Wachina, iko jirani: saa na mikoba ya chapa kubwa pale ni bandia, mimi sikushauri ununue. Nenda kwa ajili ya matunda na pilikapilika zake.

Hatua ya 5. Mchana pumzika; mvua za alasiri huko ni kubwa. Jioni rudi kaskazini, Jalan Masjid India, kwenye vitambaa, mitandio na kanzu. Ikiwa ni Jumamosi, soko la usiku la Lorong Tuanku Abdul Rahman litakuwa limepangwa jirani, na kwangu hilo ndilo tamu kuliko yote.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, chakula halali nitakipata mtaa wa Wachina?*
Huko uliza kwanza, maana migahawa mingi hupika nguruwe. Tafuta nembo ya JAKIM, idara ya serikali inayothibitisha chakula halali, au ingia kwa Waislamu wa Kihindi wanaouza nasi kandar, wali kwa michuzi. Asubuhi kula nasi lemak: ni wali wa nazi kwa pilipili, dagaa wa kukaanga, karanga na yai. Utajiona uko Tanga.

*Kupatana bei kunaruhusiwa?*
Petaling Street na soko la usiku, ndiyo, kwa tabasamu. Kwenye chakula, hapana.

*Shikamoo. Niko na mama mzee, hatembei sana.*
Marahaba, mwanangu. Fanyeni hatua ya 1 na 2 siku moja, zilizobaki kesho yake. Kati ya Masjid Jamek na Central Market kuna LRT, kituo kimoja tu. Mshuke Pasar Seni.

*Chaja zetu zitaingia?*
Zitaingia. Soketi ni za pini tatu kama za Kenya na Tanzania. Magari nayo hupita kushoto, kwa hiyo barabara mtavuka kama nyumbani.