Kufuatilia jina la ukoo la Kijerumani hatua kwa hatua: Stauffer, Stouffer, Stover

Bibi mmoja ninayemhudumia kwenye makao ya wazee hapa Lancaster, Pennsylvania, aliniuliza kwetu ni wapi. Nikamjibu Tanzania, mkoa wa Mara, jirani na Shirati. Akaweka kijiko mezani. "Shirati ya Elam Stauffer?"

Nilishtuka. Kwetu jina hilo wazee wa Kanisa la Mennonite wanalijua vizuri, maana Stauffer alikuwa miongoni mwa wamisionari wa kwanza wa kanisa hilo waliofika Shirati mwaka 1934, na baadaye akawa askofu. Bibi yeye amezaliwa Stover. Baba yake alikuwa akishikilia kwamba Stover na Stauffer ni ukoo mmoja, ila hakuacha karatasi hata moja ya kuthibitisha. Nikajitia kimbelembele nikamwambia nitamtafutia. Ikanila miezi minne ya siku za mapumziko, na nusu ya muda huo niliupoteza mahali pamoja tu, hatua ya 4. Naandika ili wewe usiupoteze. Utaratibu ni huu huu hata kama unatafuta jina la wakwe zako wa Ujerumani au la babu aliyepita Moshi enzi za mkoloni.

Hatua ya 1: Anza na walio hai

Majina, miaka, makaburi, Biblia ya familia. Hili hulijui mpaka nikufundishe? Haya.

Ila neno moja kuhusu vifaa. Mimi natumia kaunta buku, kalamu na penseli. Chenye ushahidi wa maandishi nakiandika kwa wino, cha kusikia kwa penseli. Programu za kuchora miti ya ukoo zinapendeza macho, lakini uvumi na cheti cha ndoa zinaviandika kwa herufi zilezile. Na ile miti iliyokwisha kuchorwa na watu wengine mtandaoni ichukulie kama maneno ya kijiweni: sikiliza, kisha kathibitishe.

Hatua ya 2: Ijue maana ya jina, kisha iweke pembeni

Wajerumani huweka -er mwishoni mwa jina la mahali kama sisi tunavyoweka m- mwanzoni. Mtu wa Pemba ni Mpemba; mtu wa Stauffen ni Stauffer. Neno lenyewe, *stouf* katika Kijerumani cha karne za kati, lilikuwa kikombe kisicho na kitako, na watu wa milimani wakaliita hivyo jabali au kilima kilichosimama kama kikombe kilichofunikwa. Vilima vya namna hiyo viko vingi, kwa hiyo jina lingeweza kuzaliwa zaidi ya mara moja bila undugu wowote.

Hapa ndipo watu wanapopotea kwa raha zao. Ukutani kwa bibi kulikuwa na sahani yenye simba watatu weusi, kaka yake aliinunua safarini Ujerumani, na muuzaji akamhakikishia kwamba Stauffer wote ni uzao wa wafalme wa Hohenstaufen, kina Frederick Barbarossa. Ukoo ule wa kifalme ulitoka kwenye kilima cha Hohenstaufen karibu na Göppingen, na mrithi wake wa mwisho wa kiume, Conradin, alikatwa kichwa Napoli mwaka 1268 akiwa na miaka 16. Wanaoitwa Stauffer huku Pennsylvania asili yao ni wakulima wa ng'ombe. Nembo ilikuwa mali ya mtu na watoto wake, si ya kila mwenye jina linalofanana. Nilimwambia bibi polepole. Sahani bado iko ukutani.

Hatua ya 3: Uliza Uswisi kwanza

Huu ndio mlango wa haraka kuliko yote na ni bure. Kila Mswisi ana "mahali pa asili", kijiji au mji ambao ukoo wake una uraia, hata kama hajawahi kulala huko usiku mmoja. Iko orodha ya majina yote ya koo zilizokuwa na uraia mwaka 1962, na inapatikana kwenye tovuti ya Kamusi ya Historia ya Uswisi. Andika jina, soma vijiji. Kwa Stauffer utaletewa Eggiwil, Röthenbach na Signau, miongoni mwa vingine, hivi vitatu vyote katika Emmental, bonde la mto Emme, jimbo la Bern. Kule mtoto wa kiume wa mwisho ndiye aliyerithi shamba zima bila kugawanywa, na kaka zake wakajitafutia kwingine. Jina lilianza kutembea mapema.

Hatua ya 4: Bahari, karani, na tahajia

Tulia hapa. Chemsha chai.

Kwanza, orodha za abiria. Pennsylvania ilianza kuwaandikisha wageni wasemao Kijerumani mwaka 1727. Ukitafuta babu aliyefika kabla ya hapo kwenye orodha hizo utatafuta mpaka uzeeke. Mwaka 1709, baada ya majira ya baridi kali ajabu, watu kama 13,000 kutoka Pfalz, jimbo la kusini magharibi mwa Ujerumani, na majimbo ya jirani walimiminika London wakitafuta meli za kwenda Amerika. Hans Stauffer mmoja aliandika mwenyewe kwamba aliondoka na familia yake Novemba mwaka huo, na Januari 1710 wakawa London. Mtu kama huyo anatafutwa kwenye karatasi za ardhi na za kodi.

Kwa waliofika kuanzia 1727, kila mwanamume wa miaka 16 na zaidi alipelekwa Philadelphia mbele ya wakuu kutamka utii kwa mfalme wa Uingereza. Meli moja inaweza kuwa na orodha mpaka tatu, zinazoitwa A, B na C. Orodha A ni ya nahodha: mtu ametaja jina lake, mwingine ameliandika alivyolisikia. B na C ni za viapo, na humo wanaojua kuandika wameweka saini kwa mkono wao. Ukitegemea A peke yake umejenga nyumba juu ya sikio la Mwingereza. Nenda kwenye B na C. Ukikuta X au H katikati ya jina, ujue mwenyewe aliweka alama tu na karani ndiye aliyeandika.

Pili, sauti. Watu wa Bern hawasemi "Stauffer" kama kitabu kinavyosema, wanasema "Stouffer". Ndiyo maana Abraham Stouffer, aliyehama kutoka Pennsylvania kwenda Kanada mwaka 1804, mji uliotokana na vinu vyake unaitwa Stouffville, na si Stauffville. Matamshi ya nyumbani yamebaki kwenye kibao cha barabarani. Karani Mwingereza aliyesikia "Stouffer" akaandika Stover.

Kwa hiyo kila Stover ni Stauffer? Hapo ndipo nilipoumia.

Kaskazini mwa Ujerumani kuna jina jingine kabisa, Stöver, la mtu mwenye nyumba ya kuogea watu. Halina kilima wala Uswisi ndani yake. Likivuka bahari nalo linakuwa Stoever, kisha Stover. Na mmoja wao alikuwa maarufu: mchungaji wa Kilutheri Johann Caspar Stöver, aliyefika 1728 na kuweka daftari lake la ubatizo na ndoa kuanzia 1730 hadi 1779. Niliandika "Stover" kwenye kisanduku cha kutafutia, yakamiminika majibu: Stoever 1735, Stoever 1741, Stoever 1752, Lancaster, Lebanon, kila mahali. Nikashangilia. Jumamosi sita nikanakili watoto zaidi ya arobaini, nikawapanga kwa baba, nikajiuliza huyu mzee alikuwa na nguvu za namna gani. Jumamosi ya saba ndipo niliposoma safu ya mwisho kulia. Hakuwa baba wa mtoto hata mmoja kati ya hao. Ndiye aliyewabatiza.

Fungua picha ya ukurasa wenyewe. Faharasa ya kompyuta ni kidole kinachoonyesha mlango, haijaingia ndani.

Kutenganisha Stover wa Stauffer na Stover wa Stöver, angalia mambo haya:

- Ubatizo wa watoto. Wamennonite hawabatizi wachanga. Ukoo wenye mlolongo wa ubatizo wa wachanga kwa Walutheri, punguza matumaini. Ukoo wenye ardhi, kodi na wosia lakini hauna ubatizo wowote kwa miaka 60, ongeza.
- Kiapo. Mmennonite haapi, anathibitisha tu kwa neno lake. Kwenye karatasi za mirathi karani anaandika kama shahidi "aliapa" au "alithibitisha". Neno dogo, lakini mimi limenisaidia kuliko kipimo chochote.
- Majirani. Hawa walihama kwa makundi. Ukikuta shamba limezungukwa na Herr, Landis na Brubaker, uko kwa Waswisi.
- Saini.

Hii ya mwisho ndiyo iliyonivusha. Nilipata wosia wa miaka ya 1760 wa mtu niliyemshuku kuwa babu wa bibi. Nje karani ameandika Stover, kwa herufi nzuri za Kiingereza. Chini kabisa, mkono unaotetemeka umeweka saini kwa mwandiko wa zamani wa Kijerumani, ule unaoitwa Kurrent. Huo mwandiko ni meno ya msumeno: e inafanana na n, n inafanana na u, na kinachoitenganisha u ni kikia kidogo juu yake. Nikahesabu meno kwa ncha ya penseli. Kikia kilikuwepo. Baada yake mistari miwili mirefu inayoshuka chini. Stauffer.

Mistari hiyo miwili ndiyo iliyonificha wosia kwa wiki mbili. Katika Kurrent, s ndefu na f ni mapacha. F ina kijikitanzi tu katikati. Aliyetengeneza faharasa alisoma *Stausser*. Basi ukitafuta, jaribu na ss. Kwenye FamilySearch, tovuti ya kutafutia kumbukumbu za koo, ambayo ni bure na kwangu haina mshindani, kiulizo kinasimama badala ya herufi moja na nyota badala ya herufi zozote: St*f?er, Sta*ss*er, Sto*v?r. Programu za kusoma mwandiko kwa kompyuta nimezijaribu. Kwa kurasa nadhifu zinasaidia, kwa mkono wa mzee anayekufa hazina msaada. Chapisha alfabeti ya Kurrent, ibandike ukutani, na kila siku andika jina lako nayo. Wiki mbili zinatosha.

Jambo dogo la tarehe, kabla hujamshutumu mtu kuzaa kabla ya ndoa: makoloni ya Kiingereza yalibadili kalenda mwaka 1752, 2 Septemba ikafuatwa na 14 Septemba. Kabla ya hapo mwaka wao mpya ulianza 25 Machi. Kwa hiyo Februari "1736" ya Pennsylvania ni Februari 1737 yetu.

Hatua ya 5: Pfalz, halafu Bern

Wengi wanatoka Pennsylvania na kurukia Uswisi moja kwa moja. Usifanye hivyo, katikati kuna kituo. Waanabaptisti, chimbuko la Wamennonite, Wakristo waliokataa kubatiza wachanga, kuapa na kubeba silaha, walianza Zürich mwaka 1525, na serikali ya Bern iliwasumbua kwa vizazi: faini, gereza, kufukuzwa. Mwaka 1671 watu kama 700 walivuka kwenda Pfalz. Mtawala wa kule, Karl Ludwig, alikuwa na mashamba matupu baada ya Vita vya Miaka Thelathini, na mwaka 1664 alikuwa amewapa Wamennonite ruhusa ya kukaa. Tafuta jina lako kwenye orodha za Wamennonite wa vijiji kama Ibersheim, kando ya mto Rhine. Kituo cha utafiti cha Weierhof kinashughulika na hayo hayo.

Ndipo uende Bern. Hifadhi ya Nyaraka ya jimbo imeweka picha za vitabu vya parokia mtandaoni, bila malipo. Fungua Eggiwil, tafuta *Taufrodel*, kitabu cha ubatizo. Usipomkuta mtoto usikate tamaa, kumbuka wazazi wake walikuwa wakikwepa kisima cha ubatizo. Hamia kwenye vitabu vya *Chorgericht*, baraza la maadili la parokia, ambako watu walitozwa faini kwa kutohudhuria kanisani. Mateso yao ndiyo kumbukumbu yetu: mtu mwema mtiifu ana mistari mitatu maishani mwake, mkaidi ana kurasa.

Kero ya Emmental ni majina ya kwanza. Hans, Christian, Ulrich, kisha unaanza tena. Mtu wa wosia wetu nimemfikisha Pfalz kwa wino. Huko Eggiwil wako Christian watatu wa rika moja wanaoweza kuwa baba yake, na wote nimewaandika kwa penseli. Kipimo cha DNA kinachofuata mstari wa baba kingesaidia, lakini bibi hana chembe hiyo, kaka yake amefariki, na mtoto wa kiume wa huyo kaka hataki kutema mate kwenye kichupa. Ni haki yake.

Hatua ya 6: Kuandikia hifadhi ya nyaraka

Kijerumani chepesi, sentensi tano. Taja parokia, aina ya kitabu, jina na tahajia zake zote, na kipindi kisichozidi miaka kumi. Swali moja kwa barua moja. Niliuliza mara ya kwanza "nisaidieni historia ya ukoo huu" nikajibiwa kwa orodha ya watafiti wa kulipwa. Nilipouliza kama Christian Stauffer yeyote alitozwa faini Eggiwil kati ya 1665 na 1671, nilipewa namba ya kitabu na ukurasa wa kuanzia.